Daftari la Vipimo

Kiuno, inchi ishirini na nane.
Hivyo ndivyo nilivyomwandika mara ya kwanza,
Muchemi wa Gaciku, mbeba magunia soko la Wakulima,
alipopanda ngazi zangu pale River Road
na kitambaa cha kaki kwapani,
akataka suruali moja, na mfuko mmoja wa ziada:
"Ndani, fundi. Usionekane hata nikivuliwa."
Nikacheka. Akalipa nusu.
Nusu ya pili sikuidai. Niliyaona macho yake.

Mwaka uliofuata, thelathini na mbili.
Wauza vitunguu walishaanza kumwita Bwana Risiti,
maana hakupora kama vibaka wa Nyamakima.
Alikuja asubuhi, akakusalimu,
akawaulizia watoto kwa majina,
akapokea noti mbili za ulinzi,
kisha akakukatia risiti yenye muhuri wa zambarau.
Ulinzi dhidi ya nani?
Nyaboke aliuliza. Kibanda chake
kiliteketea Jumapili, watu wakiwa kanisani,
na Jumatatu Bwana Risiti
ndiye aliyekuwa wa kwanza kuleta mchango.

Nilimshonea suti ya mistari, nikamshonea kizibao,
koti la kumzika mamake, koti la kumwoza binti.
Thelathini na sita. Arobaini. Arobaini na saba.
Tepu ikaanza kumpungukia, nikanunua nyingine.
Alikuwa na hoteli, malori kumi na moja,
diwani mmoja na nusu,
na inspekta aliyekuja kupimwa kwa hesabu yake.
Akiinua mikono nimpime kifua
alisimama kama mtu aliyeamriwa na polisi,
tukacheka wote wawili, kila mara,
na kila mara, katika kila vazi,
niliuweka ule mfuko chini ya bitana:
mshono wa kurudi nyuma, uzi mara mbili, nta juu yake.

Kodi yangu ya chumba haikupanda miaka kumi na tisa.
Mimi sikuwahi kukatiwa risiti.
Naliandika hili hapa kwa kuwa hakuna aliyeniuliza.

Hakuangushwa na moto wa Nyaboke.
Wala na yule kijana aliyeokotwa mtoni, kule Gikomba,
soksi miguuni, viatu hakuna.
Aliangushwa na ushuru.
Mtu akikata risiti hubaki na vishina,
na vishina vilikuwa kwa shemejiye, Mugweru,
aliyekosana naye juu ya ploti ya Ruai
akavibeba vyote, miaka ishirini na mitatu,
kwa gunia la viazi, viazi juu,
hadi mezani kwa watoza ushuru.
Wanasema walihesabu wiki sita.
Wanasema aliyekuwa akihesabu alikuwa mtoto wa muuza vitunguu,
lakini River Road husema mengi.

Mahakamani Milimani wakaligeuza koti ndani nje
mbele ya watu, kama sungura anayechunwa.
"Fundi, mshono huu ni wa nani?"
Nikavaa miwani nisiyoihitaji.
Mshono ni mwandiko; hata gizani ningeusoma kwa kidole.
Akanitazama kwa yale macho ya ngazini.
Nilitaka kusema cherehani zote hushona sawa.
Nikasema: "Ni wangu."
Alitikisa kichwa polepole,
kama mteja aliyeridhika na pindo.

Binti alikuja mwezi wa Julai, mvua ya manyunyu,
akasema Kamiti wamepiga simu, anataka suti nyeusi
na hajui saizi ya babake.
Nikachukua tepu ile ya kwanza,
nikaenda mochari nikampima mwenyewe.
Mikono safari hii haikuinuka.
Ishirini na tisa.
Nikaandika, nikafuta, nikapima tena. Ishirini na tisa.

Mfuko wa ndani niliuweka. Mkono umezoea.

Binti akalipa yote, noti juu ya noti,
akasubiri mlangoni, mwavuli ukidondoka matone sakafuni,
akauliza kama natoa risiti.
Nikamwambia kitabu kimeisha.